Friji ya Shilingi Moja

Jina la nchi yenyewe nalijua, ila sitalitaja, na msinilazimishe. Serikali ya huko iliamua kununua jina jipya, likapatikana kwa bei ya kutupa, mizinga ikapigwa, ng'ombe wakachinjwa, na karamu ilipokwisha ndipo ikafahamika kwamba kila anayelitamka hulipia. Siku hizi hata wimbo wa taifa ukifika penye jina umma mzima huguna tu, mmh, kisha unaendelea. Mimi mfuko wangu una matundu. Nitasema nchi ile, na tutaelewana.

Katika nchi ile ipo Wizara ya Unafuu. Jengo lake refu lina ngazi za kupandia lakini halina za kushukia, kwa sababu za kushukia hazikuwamo katika bei ya ujenzi, na wafanyakazi wa ghorofa za juu hukaa huko huko mpaka wastaafu. Kazi ya Wizara ni kuhakikisha kwamba kila kitu kinanunulika. Kama kinatumika, hilo ni jambo la mtu na nyumba yake.

Waziri aliyekuwapo zama hizo ni Mheshimiwa Daktari Kanzala, mtu wa kifua kipana kilichosheheni nishani alizozipata kwenye mnada. Alisimama uwanjani akahutubia kutwa nzima, na kiini cha hotuba yake watoto wa shule wanakariri mpaka leo: "Ndugu wananchi, bei ni ukweli, gharama ni uvumi. Bei mnaiona kwa macho, ina tarakimu, imepakwa rangi. Gharama nani kaiona? Iko kesho. Na mtu anayewaletea habari za kesho ni mganga wa ramli, na waganga tumekwisha kuwapiga marufuku."

Sheria ikatungwa wiki ile ile. Mnunuzi akiwa dukani anaruhusiwa swali moja tu, bei gani. Akiongeza la pili, akataka kujua kitu hicho kitamla kiasi gani akishafika nacho nyumbani, amefanya kosa la Kuchungulia Kesho. Adhabu yake ni kupewa gari kuukuu la serikali, bure kabisa, alitunze mwenyewe mpaka life. Wanaume wazima wameonekana wakimlilia hakimu awape kifungo badala yake.

*

Mwatumu alikuwa fundi cherehani, mwanamke asiye na maneno mengi, mwenye macho ya kupima. Mumewe Shaibu aliajiriwa na Wizara kuandika bei kwenye mabango, na alikuwa na mkono mzuri, huo ukweli tumpe. Kwa kuandika bei ndogo kila siku alifika mahali akaziamini, na akiziona tu moyo wake ulilainika. Wa tatu katika nyumba ile alikuwa Bi Nunu, mama yake Shaibu, kikongwe mfupi mwenye mabega mapana. Kutwa alikaa uani akisaga nafaka za majirani kwa kijaa, yale mawe mawili ya kuzungusha kwa mkono, nao wakimwachia kibaba chake.

Bi Nunu alikuwa na swali lake. Chochote kilichovuka kizingiti, awe kuku, iwe taa, awe mgeni, alikitazama juu mpaka chini akauliza kinakula nini. Hata Mwatumu alipoletwa bibi harusi, hina haijakauka, kikongwe alimzunguka akamuuliza hivyo hivyo mbele ya watu. Mwatumu akamjibu kwamba anakula anachokikuta. Bi Nunu alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo mkwe na mkazamwana wakawa kitu kimoja, wakitaniana asubuhi na jioni na kumsema Shaibu kwa zamu. Mwatumu hakuwa na mama mwingine. Wa kumzaa alimzika akiwa mdogo.

Kando ya kijaa ulikaa mtungi wa maji. Bi Nunu aliununua ujanani kwa fedha iliyomfanya marehemu mumewe anune mwezi mzima, maana kwa fedha ile wangepata ndoo za bati za kutosha ukoo. Ndoo za wenzao zilitoboka, zikazibwa, zikatoboka tena. Mtungi haukudai kitu. Maji yake yalikuwa baridi kiangazi na masika, na yule mume aliyenuna aliyanywa hadi siku ya kufa kwake bila kuulipia tena hata senti.

*

Basi siku moja Shaibu alirudi kutoka kazini anameremeta. Alikuwa ameandika bango kubwa kuliko yote aliyowahi kuandika, nalo lilitangaza friji kwa shilingi moja. Friji ndefu, nyeupe, yenye taa ndani. Mwatumu akamuuliza umeme wa kuilisha utatoka wapi, na Shaibu akatazama dirishani kuona kama kuna mtu amesikia.

Lilikuwapo sharti dogo. Anayenunua kitu kipya huvunja cha zamani hadharani, mbele ya mjumbe na majirani, ili kuuaga ushamba. Nyumba nyingi zilivunja majiko ya udongo na vinu hivyo hivyo, huku watu wakishangilia, na boksi la kitu kipya huwekwa mlangoni kama pambo. Heshima ya nyumba hupimwa kwa maboksi. Shaibu akauinua mtungi wa mama yake juu ya kichwa, wanawake wakapiga vigelegele, na maji yake yakatiririka mpaka barabarani.

Bi Nunu alivipita vigae vya mtungi. Aliizunguka friji polepole, akaigusa ubavuni, kisha akamgeukia muuzaji na kumuuliza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, inakula nini. Vigelegele vikakatika. Muuzaji akaangalia kulia na kushoto, akacheka kwa meno ya mbele tu, akasema bibi mtu mzima, tumsamehe, na kwamba hii inakula kidogo sana.

Ilianza kwa kula umeme. Mita ilikimbia hata Shaibu akaifunika kwa kitambaa, akidai inamtia kizunguzungu. Halafu ikaja ada ya ubaridi. Halafu mpira wa mlango, unaotakiwa kubadilishwa kila mwandamo wa mwezi na unaouzwa katika duka moja tu la shemeji yake Waziri. Halafu akaja mtaalamu wa kuisikiliza, kijana nadhifu mwenye kipima moyo cha daktari, ambaye aliinamisha sikio, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaondoka na nauli yake na nauli ya kipima moyo. Mwatumu alishona mpaka vidole vikafa ganzi. Nyama ikatoka katika nyumba ile, ikafuata samaki, ikafuata sukari. Ndani ya friji kulibaki chupa ya maji na kitunguu kimoja, vyote baridi kupita kiasi.

Mwatumu akafunga safari kwenda Wizarani kuirudisha. Karani alimsikiliza kwa upole mno, kisha akamweleza kwamba friji ni mali yake halali, na serikali haiwezi kumpokonya raia mali yake, hiyo ingekuwa dhuluma. Mwatumu akauliza basi kama anaweza kuizima. Karani akashika kifua. Kuizima ni kuitesa mali, na kesho yake alitumwa mtu akaja kuufunga waya wa friji ukutani kwa lakiri nyekundu ya serikali, ili usichomolewe.

*

Mwezi uliofuata alikuja Bwana Mbogela, Afisa Mizania ya Kaya, amebeba mzani mdogo wa jikoni kwapani. Alikuwa mtu mstaarabu sana. Alivua viatu, akavifuta kwa leso, akavipanga, akakaa, akaipa nyumba ile habari yake.

"Nyinyi mnaishi kupita uwezo wa friji yenu," alisema. "Friji haipunguziki. Kwa hiyo itabidi mpungue nyinyi."

Akaanza kuzunguka. Kila alichokiona alikiweka kwenye mzani au alijifanya kukiweka, na aliuliza kinakula nini, kwa maana swali hilo, ambalo ni kosa ukiliuliza dukani, maafisa wana ruhusa ya kuliuliza nyumbani kwako. Redio inakula betri, ikachukuliwa. Kuku wanakula pumba, wakafungwa miguu. Cherehani inakula mafuta tone moja moja, lakini inaingiza, ikaachwa. Alipofika uani akasimama mbele ya Bi Nunu aliyekuwa anasaga.

"Na huyu anakula nini?"

Mwatumu aliona giza. Akamwahi kabla Shaibu hajafungua kinywa, na maneno aliyoyasema hapo, laiti ulimi wake ungeng'oka kabla hajayasema. Alimwambia yule afisa kwamba mama huyu hali kitu, uji asubuhi na kiporo jioni basi, na kwamba si mzigo kwa mtu, anajitafutia. Anasaga kutwa nafaka za mtaa mzima, hachoki, hapumziki, vijana wa siku hizi hawamfikii. Akamshika Bi Nunu mkono akaunyanyua ili mgeni aone.

Bwana Mbogela aliacha kufuta jasho. Akauliza kama ni kutwa kweli. Mwatumu akaapa. Afisa akauminya mkono wa kikongwe begani na kwenye kiwiko, kama mtu anayechagua mihogo sokoni, na uso wake ukachanua kwa furaha ya dhati.

Akaeleza kwamba serikali imefungua Nyumba ya Akiba, na wazee wenye sifa kama hizi hutunzwa humo. Kupokelewa ni bure. Chakula bure. Kitanda bure. Hata usafiri wa kwenda ni bure, gari lipo nje. Kila neno bure lilipotoka, Shaibu alilegea kidogo, nami sitamtetea. Alimtazama mama yake, akaitazama friji, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa bei hiyo itakuwa vigumu kukataa.

Bi Nunu alisimama, akajikung'uta unga, akajifunga kanga vizuri.

"Na kurudi je?" akauliza.

"Bibi," Bwana Mbogela akamjibu kwa upole, "hapo sasa unachungulia kesho."

Mwatumu alilia siku ile mbele ya watu bila kujificha. Alilia na kumng'ang'ania mkwe wake kiunoni mpaka dereva akapiga honi. Bi Nunu alimtoa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akamwambia asisahau kukifunika kijaa mvua ikinyesha.

*

Na hapo ndipo muujiza ukatokea. Bili ya umeme wa friji ikakoma. Si ya nyumba ile tu, bali ya kila nyumba iliyotoa mzee. Waziri alitangaza kwamba wataalamu wa nchi wamegundua nguvu mpya, haitoi moshi, hainywi mafuta, na kila kaya inajitegemea kwa waya wake. Mabalozi wa nje walikuja kutazama, wakatazama kutoka mbali, wakapongeza.

Mwatumu akapika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akaenda Nyumba ya Akiba. Ni jengo zuri, jeupe, na bango lake aliliandika mumewe mwenyewe. Mlinzi akamwambia karibu, kuingia ni bure. Alipokuwa ameinua mguu akamalizia kwamba kutoka ndiko kunakolipiwa, na Mwatumu akaurudisha mguu.

Akauliza anayemtoa aliyemo hulipa nini. Mlinzi akamtajia. Ni kila uji aliokunywa mzee tangu siku ya kwanza, na kitanda alichokilalia, na hewa, na huongezeka kila jua likichwa. Mwatumu akazunguka nyuma ya jengo. Kulikuwa na ukuta wa matofali ya matundu, naye akaweka jicho.

Aliona ukumbi mrefu na mistari ya vikongwe wamekaa chini, kila mmoja mbele ya gurudumu la chuma, wanazungusha. Juu ya kila kichwa ulitoka waya mmoja ukapenya darini, na kwenye kila waya kulikuwa na kibao chenye jina la kaya. Sauti yake ilikuwa ya kusaga, ila hakukuwa na nafaka. Bi Nunu alikuwa karibu na ukuta. Macho ameyafumba, anazungusha kwa ule mwendo wake wa kila siku, mizunguko mirefu kisha mapumziko mafupi ya kuvuta pumzi. Mwatumu alimwita, lakini ngurumo za magurudumu ziliimeza sauti yake. Alisimama pale mpaka uji ukapoa mkononi.

Alipomweleza Shaibu, Shaibu hakubisha. Alikwenda akaishika ile lakiri nyekundu, akaitazama, akaiachia, akakaa sakafuni. Kila mlango wa friji ulipofunguliwa mashine ilinguruma na kuvuta zaidi, nao sasa walijua inavuta kutoka kwa nani. Hawakuufungua tena. Walikunywa maji ya moto ya bombani, na kitunguu kiliozea humo ndani kwa baridi.

Mwatumu akaihamishia cherehani yake jikoni, kando ya friji. Alikuwa na haja ya kuwa karibu na mkwe wake. Kwa kusikiliza tu alijua Bi Nunu ameamka, alijua anakunywa uji, maana sauti ilishuka kidogo adhuhuri, alijua anakohoa. Wakati mwingine alizungumza naye, akamsimulia nani kaolewa mtaani na nani kanuna. Ukisikia mtu anazungumza na friji utamcheka. Mimi sicheki.

Na alishona. Alishona sare za askari, mapazia ya Wizara, bendera. Shaibu aliuza maboksi yote ya mlangoni, akauza baiskeli, akaacha kuvuta sigara. Walikuwa wanalikimbiza deni linalokimbia, na kila walipolikaribia lilikuwa limepiga hatua nyingine mbele. Mwishowe Mwatumu akafanya jambo ambalo fundi hafanyi. Aliuza cherehani. Fedha ikatosha, kwa siku hiyo moja tu ikatosha, na Shaibu akakimbia kumwita Bwana Mbogela kabla jua halijachwa na kuliongeza deni.

*

Bwana Mbogela alikuja mchana wa jua kali, akavua viatu, akavifuta. Aliifurahia sana habari yao, akasema si kaya nyingi zinazofika hapa. Akakaa mezani akaanza kuhesabu noti, moja moja, akizinyoosha pembe, na Mwatumu akasimama mbele yake. Kanga safi ya Bi Nunu ilikuwa begani kwake tayari.

Katikati ya kuhesabu afisa akalalamika juu ya joto. Akainuka mwenyewe, kwa kuwa sheria inamruhusu kukagua ubaridi, akaufungua mlango wa friji, akamimina maji katika glasi, akarudi kukaa. Mlango akauacha wazi. Taa ya ndani ilimwangaza mgongoni na upepo wa baridi ukampuliza shingo, naye akafumba macho kwa raha.

Friji ikanguruma. Mizunguko ile mirefu aliyoizoea Mwatumu ikaanza kuwa mifupi, na mapumziko yakaanza kuwa marefu.

"Bwana," Mwatumu akasema, "ufunge mlango."

"Subiri kidogo, mama. Usiniharibie hesabu."

"Nakuomba kwa jina la Mungu, ufunge mlango."

Afisa aliinua kidole, akakilowesha kwa ulimi, akachukua noti nyingine. Shaibu alisimama pembeni, maana kumgusa afisa anayehesabu, au kufunga alichokifungua, ni kosa ambalo lingeifuta fedha yote. Sauti ikashuka, ikapanda, ikajikokota kama mtu anayepanda kilima na gunia. Kisha ikanyamaza, na taa ya ndani ikazimika. Kwa jirani friji iliendelea kuimba.

Bwana Mbogela aliacha kuhesabu, akainamisha kichwa akasikiliza, bila wasiwasi, kama anayesubiri chai iletwe. Haikuchukua muda. Taa iliwaka tena, nyeupe kuliko kwanza, na friji ikaanza kuvuma kwa nguvu mpya, kwa mwendo wa haraka ulionyooka, usiopumzika, wa mtu ambaye Mwatumu hakumjua.

Afisa akazikusanya noti zote, zilizohesabiwa na zisizohesabiwa, akazipanga vizuri, akazisogeza mezani mpaka mbele ya Mwatumu.

"Chukua fedha yako, mama," akasema. "Haina kazi tena."

Akamalizia maji yake, akavaa viatu, akaaga kwa heshima zote. Shaibu ndiye aliyekwenda kuufunga mlango wa friji.